Kazi Yangu ya Uwakili wa Hataza na Alama za Biashara

Bwana Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie habari za kazi yangu. Ombi lake lilinikuta katika mwezi wenye shughuli nyingi, nikataka kumjibu kwamba nitaandika muhula ujao. Lakini nikakumbuka Siku ya Wazazi ya mwaka jana, tulipoalikwa wanafunzi wa zamani tuzungumze na Kidato cha Nne. Daktari alisimama akasema yeye ni daktari, akapigiwa makofi. Mhandisi wa barabara akasimama, akapigiwa makofi. Nami niliposema kuwa ni wakili wa hataza na alama za biashara, pakawa kimya. Kisha mvulana mmoja wa mstari wa nyuma akanyosha mkono, akasema, "Shikamoo mama. Je, hao unaowatetea wameiba nini?"

Watu wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini sikupata nafasi ya kumjibu vizuri, kwani kengele ya chakula ililia, na kila mwanafunzi wa shule hii ajua kuwa kengele ile haingoji mtu. Basi haya ndiyo majibu yake.

Kwa kweli kijana yule hakukosea sana. Kazi yangu ina habari nyingi za wizi, ila vitu vinavyoibwa havishikiki kwa mkono. Mtu akibuni kitu kipya, kama mashine au dawa au njia mpya ya kutengeneza jambo, aweza kuiomba Serikali impe hataza, ambayo wengi huiita patenti. Hataza ni haki ya kuwazuia watu wengine wasitengeneze wala wasiuze kitu kile bila ya idhini yake kwa muda maalum, na katika nchi nyingi muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi. Lakini haki hii haitolewi bure. Mvumbuzi lazima aieleze siri yake yote kwa maandishi na michoro, hata fundi mwingine hodari akisoma aweze kukitengeneza kitu kile. Muda ukiisha, siri huwa ya watu wote. Naam, ni biashara kati ya mvumbuzi na umma: nionyeshe unachokijua, nami nitakuachia peke yako kwa muda.

Alama ya biashara ni jambo jingine. Hiyo ni jina au picha ambayo mwenye mali huitia juu ya bidhaa zake ili wanunuzi wazitambue. Alama haihitaji kuwa uvumbuzi. Simba si kitu kipya duniani, lakini ukiweka simba juu ya kiberiti, simba yule aweza kuwa wako katika biashara ya viberiti. Tena alama haina mwisho, maadamu mwenyewe aitumia na kulipa ada kila muda wake unapofika. Alama ya kwanza katika daftari la Uingereza ni pembetatu nyekundu ya kiwanda cha bia cha Bass, iliyoandikishwa tarehe 1 Januari 1876, siku ile ile ofisi ilipofunguliwa. Husimuliwa kwamba karani wa kiwanda alilala mlangoni usiku kucha, mkesha wa mwaka mpya, ili awe wa kwanza. Mimi si mnywaji, lakini karani yule nampenda. Angekuwa ofisini kwangu ningempandisha cheo.

Sasa mtu ataniuliza, nitajuaje kuwa alama mbili zimefanana kiasi cha kukatazwa? Sheria ina maneno marefu juu ya jambo hili, lakini mimi hutumia kipimo cha nyumbani. Huwaza mtoto wa miaka 8 aliyetumwa dukani jioni, ameshika fedha mkononi, njiani amecheza kidogo, na jina la sabuni aliloambiwa na mama yake limeanza kumpotea. Je, atarudi na sabuni nyingine? Akiweza kurudi na nyingine, basi alama zile zinagombana. Mawakili huandika kurasa 30 wakibishana juu ya mtoto huyo bila ya kumtaja.

Ni lazima pia kujua kwamba alama huandikishwa kwa aina za bidhaa. Duniani zimekubaliwa aina 45: aina ya 1 mpaka ya 34 ni bidhaa, na zilizobaki ni huduma. Sabuni ni aina ya 3, dawa za hospitali ni ya 5, mashine ni ya 7, nguo ni ya 25, kahawa na chai na unga ni ya 30. Nimezikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha kwa Mwalimu wetu wa Hisabati, Mungu amrehemu, na sikupigwa hata kiboko kimoja.

Niliingiaje katika kazi hii? Si kwa kuchagua. Nilipokuwa hapa shuleni nilipenda Fizikia kuliko masomo yote, nami nilikuwa nimekwisha amua kuwa mhandisi. Lakini matokeo yangu ya Kidato cha Sita yalinifungia mlango ule, nikaenda kusoma sheria kwa shingo upande. Kwa muda wote wa Chuo Kikuu sikumwambia mtu yeyote jinsi nilivyokuwa nikiona uchungu kila nilipopita mbele ya karakana za wahandisi. Hata nilipokwisha apishwa kuwa wakili, nikaajiriwa katika ofisi moja ya Dar es Salaam, uchungu ule haukuniacha.

Siku moja mkubwa wangu wa kazi alikuwa ameletewa mchoro wa pampu ya maji kutoka ng'ambo, na maelezo yake marefu, na hapakuwa na mtu ofisini aliyeuelewa. Nikaomba niutazame. Nikamwonyesha: hapa maji huingia, hii ni vali, mpini ukishuka huyu hufunga na yule hufungua, na jambo jipya katika pampu hii ni kipande hiki kidogo tu. Alinitazama kitambo. Kisha akayabeba majalada yote ya hataza kutoka mezani kwake, akayaweka mezani kwangu, asiseme neno. Tangu siku ile Fizikia yangu ikarudi.

Kwa hiyo wale wanaodhani kuwa lazima uchague ama sayansi ama sheria, nawaambia kwamba ipo kazi inayotaka zote mbili. Uingereza na katika nchi nyingi za Ulaya mtu hawi wakili wa hataza mpaka kwanza awe amesomea sayansi au uhandisi, ndipo afanye mitihani migumu ya sheria hiyo. Hapa kwetu kazi hufanywa zaidi na mawakili wa kawaida, na wanaoweza kuusoma mchoro wa mashine ni wachache. Na upande wa pili wa meza wako wakaguzi wa Serikali, ambao kazi yao ni kuyapima maombi. Albert Einstein mwenyewe alikuwa mkaguzi katika ofisi ya hataza ya mji wa Bern, Uswisi, tangu 1902 mpaka 1909, na makala zake mashuhuri za mwaka 1905 aliziandika akiwa bado na ajira hiyo.

Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kuandika. Sehemu ya hataza iliyo ngumu kupita zote huitwa madai. Ndiyo maneno yanayoonyesha mpaka wa mali ya mvumbuzi. Tuseme wewe ndiwe mtu wa kwanza duniani kubuni kigoda. Ukiandika, "Nadai kikalio cha mti chenye miguu mitatu," jirani yako atatengeneza cha miguu minne, au cha chuma, na hutaweza kumfanya kitu. Ukiandika, "Nadai kitu chochote cha kukalia," mkaguzi atakujibu kwamba watu walikuwa wakikalia mawe na magogo kabla hujazaliwa. Ukweli uko katikati, nao hutafutwa kwa neno moja moja. Nimepata kukaa siku mbili nikipima kama niandike "isiyopungua" au "zaidi ya". Wale mnaouona utungaji na ufupisho kuwa adhabu, lisomeni jambo hili tena.

Sehemu iliyobaki ni kulinda tarehe. Nina daftari kubwa la tarehe, na lingine kama hilo katika kompyuta, kwa sababu silitegemei moja peke yake. Kwa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, mtu aliyepeleka ombi la hataza nchini kwake ana miezi 12 ya kulipeleka katika nchi nyingine za mkataba kana kwamba amelipeleka siku ile ile ya kwanza; kwa alama za biashara ana miezi 6. Ikipita siku moja, nafasi ile imekwenda. Pia kila nchi ina daftari lake. Alama iliyoandikishwa Tanzania Bara hailindwi Zanzibar mpaka iandikishwe Zanzibar. Kwa hataza, Shirika la ARIPO lililoko Harare huweza kupokea ombi moja kwa nchi kadhaa za Afrika, nalo limetupunguzia safari na gharama. Lakini hata huko, tarehe ni tarehe.

Sasa nitasimulia habari ya Mzee Fundi. Ameniruhusu mwenyewe niisimulie, ila jina la mashine yake nimelibadilisha.

Mzee Fundi ni mtu wa kusini. Karakana yake iko katika banda la mabati nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka mingi alitengeneza baiskeli na majembe ya ng'ombe. Mkewe alikuwa akibangua korosho pamoja na wanawake wenzake. Mtu asiyetoka kusini pengine hajui kuwa ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Vidole vya mbanguaji huwa vyeusi na kuchubuka, hata akijipaka majivu. Tena ukipiga kwa nguvu, punje huvunjika, na korosho iliyovunjika bei yake ni ndogo kuliko nzima. Mzee Fundi alitazama vidole vya mkewe miaka yote ile. Kisha akaunda mashine ya kuzungushwa kwa mota ndogo, yenye visu viwili vilivyopindwa kama umbo la ganda, na nyuma ya kisu kimoja akaweka springi ya pikipiki. Korosho hazilingani ukubwa, na hilo ndilo linalozishinda mashine nyingi. Lakini springi yake ilikifanya kisu kirudi nyuma mara tu ganda linapopasuka, kisiifikie punje. Akaiita Mkono Salama, akaandika jina hilo kwa rangi nyekundu ubavuni mwa mashine.

Mwezi wa Agosti 2015 aliipeleka katika maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Watu walijaa. Alibangua mbele yao, akaifungua mashine awaonyeshe springi, akajibu kila swali, akawaruhusu vijana waichore katika madaftari yao. Akapewa cheti kizuri chenye muhuri. Akakitia katika kioo, akakitundika ukutani.

Mwezi wa Oktoba 2018 akaja ofisini kwangu, amekisafirisha cheti kile kutoka kusini ndani ya kanga ya mkewe. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu," akakaa. Akanieleza kwamba mfanyabiashara mmoja ametengenezesha mashine kama yake, anaziuza mpaka mikoa ya mbali, na yeye ataka Serikali imzuie. Akakifungua cheti, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

Wasomaji, sijapata kukisoma cheti kwa majuto kama yale. Sharti la kwanza la hataza ni upya. Kitu kikiwa kimekwisha onyeshwa hadharani kabla ya kupeleka ombi, si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni mvumbuzi mwenyewe. Ziko sheria za nchi fulani zinazomsamehe mtu aliyejitangazia mwenyewe, lakini msamaha wake ni wa miezi, nao hapa ulikuwa muda wa miaka 3. Na ushahidi wa kwamba ameionyesha mashine yake mbele ya umati, pamoja na mwezi na mwaka na muhuri, ulikuwa ni kile kile alicholeta kiwe shahidi wake.

Nikamweleza pole pole. Alinyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ningeificha, ingekuwa yangu? Kwa kuwa niliwaonyesha watu, si yangu?"

Nikajaribu kuitetea sheria. Nilimwambia habari ya manjano, kwa kuwa ni mfano ninaoupenda. Mwaka 1995 madaktari wa chuo kikuu kimoja cha Mississippi, Marekani, walipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Wahindi wakashangaa, kwa maana bibi zao wote walikuwa wakifanya hivyo. Baraza la utafiti wa sayansi la India likapeleka pingamizi, likaonyesha maandiko ya zamani, na makala iliyochapishwa katika jarida la madaktari wa India mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ile ikafutwa. Vivyo hivyo kwa mwarobaini: kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipewa hataza ya Ulaya mwaka 1994 juu ya kutumia mafuta yake dhidi ya kuvu wa mimea. Ofisi ya Munich ikaifuta mwaka 2000, na rufani ikashindwa mwaka 2005. Nikamwambia, "Unaona mzee, sharti hili la upya ndilo linalowazuia wakubwa wasichukue vitu ambavyo umma wavijua tayari."

Mzee Fundi akanitazama, akasema, "Manjano yamepona. Nami je?"

Sikuwa na jibu. Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi, nikamlipia nauli, naye akazunguka na cheti chake katika kanga. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata leo linaniamsha usiku. Nilikuwa nimezama katika mambo ya springi na visu, kwa vile mapenzi yangu ni mashine, hata sikuuliza neno moja juu ya jina. Alilitaja Mkono Salama mara nyingi mbele yangu, na lilikuwa limeandikwa katika cheti. Ningeweza kulipelekea ombi la alama siku ile ile, kabla hajapanda basi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ofisini kwangu angeliona.

Mwezi wa Desemba mwaka ule simu zangu hazikunyamaza kwa sababu ya jambo jingine. Ilijulikana kwa watu wengi ghafula kwamba kampuni ya Disney imeandikisha maneno "Hakuna Matata" Marekani. Ombi lilipelekwa mwaka 1994, mwaka wa filamu yao ya The Lion King, na usajili ukatolewa mwaka 2003, kwa ajili ya fulana. Mtu mmoja wa Zimbabwe akaanzisha malalamiko, na watu zaidi ya 100,000 wakayatia saini. Waandishi wa magazeti, jamaa, hata mwenye duka langu la mboga, wote waliniuliza kama sasa Mswahili akisema hakuna matata atashtakiwa. Nikawajibu wote: hapana, alama haimfungi mtu mdomo, yahusu kuuza nguo za namna ile katika nchi ile. Lakini nikaongeza kuwa hasira yao si ujinga. Maneno yale yalikuwa katika vinywa vyetu kabla hayajapigwa chapa juu ya fulana ya mtu, wala hakuna aliyetuuliza. Mfano wa kikoi waonyesha kuwa anayesimama mapema husikilizwa: kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kuandikisha neno "Kikoy" huko kwao mwaka 2006, Wakenya na rafiki zao walipeleka pingamizi kwa wakati, na ombi lile halikufanikiwa.

Nilikuwa nikilisema neno hilo, "kwa wakati", kila siku, na huku mezani kwangu Jarida la Msajili limelala chini ya majalada, halijafunguliwa. Jarida hilo ndilo linalotangaza alama zinazoombwa, na mwenye kupinga ana siku 60 tangu siku ya kutangazwa. Nililifungua tarehe 8 Januari 2019, nikiwa nakunywa chai. Katika aina ya 7, mashine, nikaona: MKONO SALAMA. Mwombaji alikuwa yule mfanyabiashara. Nikahesabu siku kwa vidole, kisha nikahesabu tena kwa kalenda. Zilikuwa zimebaki siku 6.

Chai ile sikuimaliza. Nilimpigia Mzee Fundi, simu haikupatikana. Nikampigia tena usiku, akapokea mwanawe, akasema baba yuko shamba, mtandao hakuna, atarudi keshokutwa. Siku ya tatu akapatikana. Nilimwambia, "Mzee, nimekosa mimi, jina lako linachukuliwa. Nataka kila karatasi yenye jina hilo: risiti, picha, barua, chochote." Akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Na kile cheti pia? Kile kilichoniua?"

Nikasema, "Kile hasa, mzee."

Kwa maana katika alama mambo hugeuka. Katika hataza, kuonyesha mapema kulimwangamiza; katika alama, kuonyesha mapema ndiko kulikomsimamisha. Sheria haimruhusu mtu kuandikisha alama ambayo itawadanganya wanunuzi wanaoijua tayari kuwa ni ya mwingine, na cheti kilionyesha, kwa muhuri na tarehe, kuwa mwaka 2015 umati wa watu uliijua Mkono Salama kuwa ni mashine ya mzee huyu. Mwanawe alipanda basi la usiku. Alifika na cheti, picha 4, na kitabu cha risiti kilicholowa mafuta ya korosho hata kurasa nyingine zikashikana. Pingamizi letu lilipokelewa ofisi ya Msajili tarehe 11 Januari, saa tisa alasiri. Nimeitunza nakala yenye muhuri.

Mashauri haya hayaendi haraka, nami sitawachosha kwa kila hatua. Mwishowe mfanyabiashara alipousoma ushahidi wetu aliliondoa ombi lake, na Mkono Salama ikaandikishwa kwa jina la Mzee Fundi. Nilimpelekea hati mwenyewe, mpaka kwake. Wakeze jirani walikuja kutazama, tukala ugali kwa samaki. Naye akaisoma hati mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo jina ni langu, na mashine si yangu?"

Nikasema, "Ndivyo, mzee."

"Yeye ataendelea kuziunda?"

"Ataendelea, ila ataziita jina jingine."

Akatikisa kichwa. Sikuona furaha kubwa usoni mwake, wala sikustahili kuiona. Mashine za yule bwana zauzwa hata sasa kwa bei nafuu kuliko zake, na hakuna sheria inayovunjwa. Baadhi ya wanunuzi humfuata Mzee Fundi kwa sababu ya lile jina jekundu ubavuni, na wengine hufuata bei. Wanawake wanaobangua korosho wamepata nafuu ya vidole kutoka kwa wote wawili. Mkewe ndiye aliyelisema hilo, si mimi.

Mwaka huu, wakati wa likizo, nilipita kumwamkia. Nilimkuta karakanani na mjukuu wake, na katikati ya banda kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa gunia. Aliponiona, alimwambia mjukuu afunge mlango na dirisha. Nikauliza ni nini kile. Akaniuliza kwanza, "Nikikuonyesha wewe, si ndiyo kuonyesha hadharani?"

Nikamjibu kuwa wakili amefungwa na siri ya mteja wake, na macho yangu hayahesabiwi kuwa ni umma.

"Na huyu mtoto?"

"Mwambie kuwa ni siri, naye aahidi."

Mjukuu akaahidi. Mzee akaangalia mlango mara nyingine, ndipo akainua gunia. Tulikaa mle mpaka jua likachwa, mimi nikichora na kuuliza, yeye akieleza. Wasomaji wataniwia radhi kwamba siwezi kuwaambia nilichokiona, kwa sababu naandika haya siku ya Jumatano, na ombi lake nitalipeleka Ijumaa.